Pete Kwenye Meza ya Leza

Katika karakana yetu ya kukata mabati kwa leza, mkali nilikuwa mimi. Kabla fundi hajapeleka mkono karibu na vioo vinavyoelekeza mwanga, nilimkagua: saa, bangili, pete, vyote vivuliwe. Mwanga ule hauonekani kwa macho, na ukigonga kitu kinachong'aa, hujui utarukia wapi. Wakanibandika jina, Mama Vua. Sikukasirika, nililipenda.

Mimi na mchumba wangu tulifanya kazi meza moja. Jumapili alinivisha pete mbele ya mama yake. Jumatatu niliingia kazini mkono umetangulia, mwili unafuata, hadi mlinzi wa getini akanipongeza. Tulipoanza kunyoosha vioo ili mwanga ufuate njia yake, nilijiambia nitaivua tukimaliza kimoja tu. Nyani haoni kundule.

Yeye alishika ile kadi inayotoa doa la kijani mwanga unapoigusa. Doa lilikuwa hafifu, akapandisha miwani ya kinga kwenye paji la uso ili alione vizuri. Wakati huohuo nikanyoosha mkono kukaza skrubu ya kioo. Mwanga ukaigonga pete.

"Kuna kitu kimelia pap ndani ya jicho," alisema, taratibu, kama anayeniuliza.

Daktari alisema nyuma ya jicho la kulia pameungua na hapatapona. Mama yake akanishika mabega. "Usijitese, mwanangu. Ajali haina kinga." Nikazidi kulia, maana hii ilikuwa na kinga, na mhubiri wake nilikuwa mimi.

Wakaguzi walipokuja, aliniwahi. "Kosa ni langu, nilipandisha miwani." Pete hakuitaja. Na mimi, kwa kuogopa kufukuzwa kazi, nikanyamaza.

Kuanzia hapo nikawa mtumishi wake. Nilimmiminia chai, nikamshikia mlango, nikatembea upande wake wa kulia asijigonge. "Unaona hapo? Kuna ngazi." Kila saa pole, kila saa samahani. Harusi tukaisogeza, tukaisogeza tena.

Mchana mmoja, kwao, aliniambia niketi.

"Zamani ulikuwa unanigombeza," alisema. "Nikichelewa dakika tano tu, karakana nzima inasikia. Tangu siku ile hujanigombeza hata mara moja."

"Nitakugombezaje, na mimi ndiye niliye..."

"Hilo ndilo linalonishinda. Jicho moja nimelizoea. Lakini mke anayeniomba msamaha hata akinipa maji, simwezi. Tuishie hapa."

Nilimpenda mno. Nilijua dawa yake ni nini: nimfokee, nimwambie ni mjinga, haendi popote, harusi ipo palepale. Alikuwa ananingoja, nilimwona kabisa anangoja.

Nikafungua mdomo. "Samahani," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akaenda kunifungulia mlango.