Kuku wa Sura ya Tisa

Usijifanye hukuona. Kuku mzima aliletwa mezani, anang'aa kwa mafuta, mhudumu akamtua, na kichwa kikanikodolea macho mimi. Wewe ukainamia supu yako ukitafuta mifupa ambayo haikuwemo. Meza nzima ilitafuta mifupa. Taiwan kila mfanyakazi anajua: kwenye karamu ya kufunga mwaka, anayetazamwa na kichwa cha kuku ndiye anayefukuzwa. Bosi hafungui mdomo. Kuku humsemea.

Ndivyo nilivyotolewa kiwanda cha viatu, Kaohsiung, kwa kosa la kuuliza kwa nini wanawake wazima tuinue kidole kuomba kwenda chooni kama watoto wa chekechea. Sijasahau kitu. Namkumbuka hata aliyeniomba nimsogezee chumvi, kana kwamba hakuna lililotokea.

Baada ya hapo nilihamishia makazi dukani kwa Shangazi Chiu-yun, aliyekodisha riwaya za mapenzi: vitabu vidogo, kila jalada msichana mwenye nywele zinazopeperushwa na upepo ambao hakuna ajuaye unatoka wapi. Nilivisoma kwa hasira. Kila mpenzi alikuwa mkurugenzi wa kampuni, mwenye macho ya baridi na moyo uliojeruhiwa. Hakuna hata mmoja aliyeulizwa anawatendeaje wafanyakazi wake.

"Bi-hsia, unasoma au unapigana na hicho kitabu?" Shangazi aliniuliza siku moja, miguu yake imezama kwenye beseni la maji moto.

"Mwanamume mwenyewe mshenzi, Shangazi."

"Washenzi ndio wanaokodishwa. Kama unaye mwema, mwandike wewe. Lakini awe na mabega!"

Nikamwandika. Nikampa mabega. Nikampa na Mei-yin, mshona viatu, ampende. Katika sura ya tisa, kichwa cha kuku kinamwelekea Mei-yin, na kijana huyo, mrithi wa kiwanda, anainuka mbele ya baba yake na kuizungusha meza ya karamu, yenye kioo cha kuzungushia sahani katikati, mpaka kichwa kimtazame yeye mwenyewe. Siku niliyoiandika sura hiyo nililia, nikacheka, nikaunguza wali.

Bi Yen, mhariri wa kampuni ya riwaya ya Taipei niliyoipelekea mswada, alipiga simu dukani kwa Shangazi, maana kwangu simu haikuwepo.

"Dada, mabusu yako matamu. Mabega ndiyo usiseme. Lakini bosi anataka kuku atoke. Anasema wasomaji wanakodi vitabu wasahau kazi."

"Kwani wanavisomea wapi, Bi Yen?"

"Mabwenini. Kwenye basi..."

"Chooni kiwandani! Kwa ruhusa ya kidole! Kuku akitoka, natoka naye."

Shangazi alishika kichwa. "Wee mtoto una wazimu? Wenzio wanalilia nafasi, wewe unalilia kuku!"

Upande wa pili wa simu Bi Yen akacheka. "Njoo kwenye karamu yetu ya mwaka, umwambie mwenyewe. Mimi nimemwambia mpaka ananikwepa."

Nilipanda treni nikiwa ndani ya gauni la Shangazi, lililonibana makwapani. Bosi Hsiung alikuwa mtu wa tumbo kubwa na sauti kubwa zaidi. Kabla sijakaa vizuri alishanibatiza.

"Lakabu yako ni Umande wa Mwezi."

"Jina langu ni Kuo Bi-hsia."

"Hakuna anayebusiwa kwa jina hilo."

"Nimeshabusiwa nalo, Bosi."

Meza ikaangua kicheko. Ndipo kuku akaja.

Mhudumu alikuwa na haraka zake. Akamtua, kichwa kikamwelekea Bi Yen. Hadi leo sijui kama ilipangwa. Kicheko kilikatika kama uzi. Bi Yen aliweka vijiti vyake chini taratibu, akatabasamu, na tabasamu lile nalijua, kwa kuwa nimeshalivaa. Na wenzake wote, waandishi wa mabusu, wachoraji wa majalada, watu wanaolipwa kusimulia mapigo ya moyo, wakainamia supu.

Mkono wangu haukuniomba ruhusa. Uliushika ukingo wa kile kioo kinachozunguka katikati ya meza, ukasukuma. Kuku akaanza safari. Akampita mchoraji, akampita mhasibu aliyefumba macho, akampita mke wa bosi. Sahani ya kamba wa kukaanga ikagonga chupa ya pombe. Kichwa kikaja kutulia mbele ya Bosi Hsiung, wakatazamana.

"Kitabuni anayezungusha ni mwanamume," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba kuliko nilivyotaka. "Nilikosea. Nitarekebisha."

Bosi Hsiung alimkodolea macho kuku, kuku akamkodolea. Tumbo lake lilianza kutikisika kabla ya kicheko kutoka. Akakinyofoa kile kichwa kwa vijiti vyake, akakitafuna, kishungi na vyote.

"Yen," akasema akifuta mdomo, "kuku abaki. Na msichana azungushe mwenyewe."

"Na jina langu?" nikauliza.

"Binti, usinisukume mara mbili usiku mmoja."

Kitabu kikatoka, kimeandikwa na Umande wa Mwezi. Vita hiyo ya jina bado naidai. Baada yake nimeandika vingine vingi, na kila mpenzi wangu ana mabega, ila ninachokikumbuka ni nakala ile ya kwanza ya dukani. Wasichana wa kiwanda changu cha zamani waliikodi kwa zamu, na kila iliporudi, kurasa za sura ya tisa zilikuwa na alama za vidole vyenye gundi ya viatu. Shangazi alikataa kuzisafisha.

Mwaka ulipokwisha, alinipokea mlangoni akiwa na beseni lake mkononi.

"Umesikia? Karamu ya kiwandani mwaka huu, kuku kaletwa hana kichwa."

Na wewe niliyekuacha umeinamia supu: meza iliyo mbele yako inazunguka. Kuna mtu anatazamwa sasa hivi, naye anatabasamu.

Weka kijiko chini. Sukuma.