Maziwa ya Mnyaa

Mbugua hakuwa na ng'ombe, hakuwa na shamba, hakuwa na meno ya nyuma, na hakuwa tena na mtu wa kumwita Baba Njuguna, kwa sababu Njuguna mwenyewe alihamia Rombo akaacha kupiga simu. Hakuwa na nguvu za kuchonga mawe, kazi iliyomlisha tangu ujana. Na baada ya madaktari kumtoa saratani, hakuwa na kipande cha utumbo wala njia ya kwenda haja kama watu wengine. Haja yake ilitokea tumboni, upande wa kushoto, kwenye tundu jekundu ambalo wauguzi huliita stoma. Hakuwa na uwezo wa kulizuia.

Kitu alichokuwa nacho ni kiti mezani kwake, na hicho pia alikuwa amekipata kwa shida.

Aliporudi kutoka hospitalini alijifunga kwa matambara na vipande vya nailoni. Uchafu ulivuja ukamla ngozi mpaka ikawa kama nyama iliyochunwa. Mke wake, Mugure, alikuwa akifuga kuku wa mayai hapo Kitengela na kuyauza kwenye mahoteli ya barabara ya Namanga. Alivumilia kidogo tu, kisha akabeba godoro la mumewe akalitupa kwenye stoo ya chakula cha kuku.

"Utakaa hapa," alimwambia. "Kuku hawana pua."

Kilichomtoa stoo ni utafiti. Kulikuwa na mtaalamu wa mimea na uyoga, Daktari Gakuru, aliyekuwa na maabara ndani ya makontena mawili nje kidogo ya mji. Alikuza nyuzi za uyoga juu ya magunzi ya mahindi, akazichanganya na utomvu wa mshubiri, akazikausha zikawa pete laini, nene kama chapati. Pete huzungushwa kwenye stoma, mfuko wa kupokea haja ukabandikwa juu yake, na ngozi ikapona chini yake. Sista Apondi ndiye aliyewapima wagonjwa, Mbugua akiwa mmoja wao, katika kliniki moja ya Kajiado. Aliwapa pete na mifuko bure, akamfundisha kila mmoja kubandika: unakandamiza kwa kidole gumba, polepole, kutoka katikati kwenda pembeni, ili pasivuje.

Mbugua akaacha kunuka. Mugure akamrudisha mezani, si kwa upendo, bali kwa sababu wageni wa kanisa walikuwa wameanza kuuliza mzee yuko wapi.

Kisha siku moja Sista Apondi akamvua mfuko, akamulika ngozi, akatabasamu.

"Mzee Mbugua, umepona kabisa! Mwezi ujao unatoka kwa utafiti."

"Nitoke niende wapi?"

"Uende nyumbani. Aliyepona anampisha mwenye kidonda. Mifuko ni michache."

"Lakini sista, tundu bado niko nalo."

"Tundu utakuwa nalo maisha. Sisi tulikuwa tunauliza juu ya kidonda, na kidonda chako kimejibu. Mifuko utajinunulia, kama wengine."

Alisema bila ubaya wowote, huku akitupa glavu zake kwenye pipa.

Bei ya mifuko Mbugua aliijua, na Mugure aliijua pia. Mke huyo alikuwa amekwisha kusema kwamba hatauza hata yai moja kumnunulia mtu mfuko wa mavi yake.

Nyuma ya choo chao kulikuwa na ua wa mnyaa, ule mmea wa vijiti vya kijani ambao Wakikuyu huuita kariaria. Ukivunjwa hutoa maziwa meupe yanayounguza ngozi, na yakiingia jichoni mtu anaweza kupofuka. Mchana mmoja, Mugure akiwa kwenye mkutano wa akina mama, Mbugua alienda nyuma ya choo, akang'oa pete, akavunja kijiti. Akajipaka kuzunguka tundu, kwa uangalifu, kama mtu anayepaka mafuta. Mwanzoni hakusikia kitu. Baadaye aliuma shati lake asipige kelele, kisha akabandika pete ileile juu ya moto ule.

Sista Apondi alipoona malengelenge alisogeza taa karibu.

"Pole sana, mzee. Hatuwezi kukutoa ukiwa hivi."

Mbugua akarudi nyumbani na mifuko mipya, akala ugali mezani. Kila kidonda kilipoanza kukauka, alirudi kwenye ua ule wa mnyaa.

Hakufikiria Daktari Gakuru angefanya nini. Daktari aliamini kosa ni la uyoga wake. Alitupa nyuzi zote alizokuza, akachemsha mitungi, akaanza upya, na Mbugua akaja na malengelenge tena. Kamati inayosimamia usalama wa wagonjwa ikaamuru pete zivuliwe kwa watu wote mpaka chanzo kijulikane. Kisipojulikana, utafiti ungefungwa.

Siku ya kuvua, Mbugua alikaa benchi moja na Rahab, mama aliyekuwa akiuza kamba na chumvi ya mifugo kwenye soko la Bisil. Ngozi yake ilikuwa imepona nusu.

"Waniachie yangu tu," Rahab alimwambia. "Mimi hainichomi. Nilikuwa nimeambia wateja narudi sokoni. Wewe mzee ndiye inachoma?"

"Ndiyo."

"Si ungevumilia?"

Alisema kwa utani, akicheka kidogo. Kisha akaitwa, na mlango ukafungwa, na Mbugua akamsikia akilia huko ndani akiomba. Mbugua alitazama viatu vyake.

Daktari Gakuru na Sista Apondi walikuja nyumbani kwake wiki hiyohiyo. Walinusa sabuni, wakachukua maji kwenye chupa. Kisha daktari akasimama mbele ya banda la kuku.

"Mama, huenda ni hawa kuku wako. Huenda wana ugonjwa unaopita kwa mavumbi. Itabidi tupime, na kwa sasa usiuze mayai."

"Kuku wangu?" Mugure aliweka trei chini. "Mayai haya yanaliwa na wachungaji! Kuku wangu wako safi kuliko huyo. Muulize anakamua nini nyuma ya choo. Muulize! Nimemwona na macho yangu, amefungua tumbo, anajipaka kariaria kama bibi harusi."

Akacheka mpaka akashika nguzo. Hakuna mwingine aliyecheka.

"Ulimwona, ukanyamaza?" Sista Apondi aliuliza.

"Kwani mliniuliza? Mifuko ilikuwa inakuja. Nyumba ilikuwa hainuki."

Daktari alimgeukia Mbugua. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nimeua kazi yangu ya miaka mingi kwa mikono yangu, mzee. Nilidhani uyoga wangu unachoma watu."

"Nilikuwa nataka kukaa mezani," Mbugua alisema.

"Utaandika barua kwa kamati, kwa mkono wako, useme ulichofanya. Utaipeleka posta mwenyewe, kwa sababu hawataamini iliyopitia kwangu. Ikifika, Rahab na wenzake watarudishiwa pete. Isipofika, tumefunga."

"Na mimi?"

"Wewe hapana."

"Daktari," Sista Apondi alisema chini chini, "hata mifuko michache tu?"

"Aliyeharibu utafiti hapewi kitu. Hata huo aliovaa ni wa mwisho."

Mbugua akaandikia pale pale mezani, kwenye kiti chake. Alikuwa na mwandiko mzuri. Alipokuwa akiandika alimsikia Mugure akiburuta godoro kupitia uani. Alipotoka na bahasha mkononi, mlango wa stoo ulikuwa wazi.

"Ukirudi pitia nyuma!" Mugure alimpigia kelele. "Leo kuna wageni."

Njiani kuelekea posta mfuko ulianza kujaa. Alipita mtaro wa maji machafu, akasimama. Ilikuwa rahisi kuidondosha barua humo. Hakuna aliyemwona. Alimfikiria Rahab akiuliza kwa utani kama hangevumilia, akaendelea kutembea.

Alipofika kwenye foleni, mfuko uliolegezwa na malengelenge uliachia upande mmoja. Msichana aliyekuwa mbele yake aligeuka.

"Mzee, umekanyaga nini?"

Watu wakacheka, kisha wakasogea mmoja mmoja, mpaka akabaki peke yake mbele ya dirisha. Karani alivuta kola ya shati juu ya pua.

"Hujaifunga hiyo. Funga haraka."

Mbugua akalamba gundi ya bahasha. Akaikandamiza kwa kidole gumba, polepole, kutoka katikati kwenda pembeni, ili pasivuje. Karani akaichukua kwa ncha za vidole, akaigonga muhuri, akaitupa kwenye gunia.