Soda ya Ijumaa

Shemeji yangu Nestor alikuja kusimama mbele ya mlango wangu siku ya Jumapili, watu wakitoka kanisani, akanitangazia kwa sauti ya mnada kwamba nikienda Mbarara kupasuliwa tumbo, nisijihesabu tena kuwa mtu wa ukoo wao. Majirani wakapunguza mwendo. Hapa Rubondo, ndani ya kambi ya Nakivale, ukipaza sauti kidogo tu, umeshaitisha mkutano. Nilimwacha aseme, na mtu asidhani ni adabu. Ni pumzi ndiyo haikutosha. Mimi nikitoka kitandani mpaka mlangoni, lazima nikae kwanza ndipo nimpe mtu yake.

Naitwa Apolline, ila hapa kambini wengi wananijua kama Mama Ushindi. Mwili wangu ni mkubwa, kila mwenye macho anauona. Kule kwetu Kivu Kusini, nilipoanza kunenepa baada ya ndoa, mume wangu alipigiwa makofi barabarani, eti huyu anajua kutunza mke. Mume alikufa, tukakimbilia Uganda, na mwili ukaendelea kukua hata tulipokuwa hatushibi, maana chakula chetu kilikuwa unga, mafuta, na chai yenye sukari nyingi ya kudanganya njaa. Ukaja ugonjwa wa sukari. Ikaja presha. Magoti nayo yakagoma.

Kibaya kuliko vyote ni usingizi. Nikilala chali nakoroma, halafu nanyamaza kimya, pumzi imekatika, na mimi mwenyewe sijui. Anayejua ni binti yangu Ushindi. Ananisukuma, nashtuka, navuta hewa, tunaanza upya. Siku hizi nalala nimekaa, nimeegemea gunia la maharage, na yeye kitanda chake kiko ubavuni mwangu. Msichana wa umri wa kuolewa analinda pumzi za mama yake kama askari wa zamu. Hilo liliniuma kuliko magoti.

Nestor ni mdogo wa marehemu mume wangu. Kabla hajawa mwema, sikuwahi kupokea kwake hata chumvi. Tulipotoka kuzika, alichukua baiskeli ya kaka yake akaondoka nayo, uso mkavu, wageni bado wamekaa. Kisha siku moja tukaitwa ofisini kuhojiwa kuhusu kupelekwa nchi za ng'ambo, sisi wote, yeye na mke wake Eliane na watoto wao, mimi na Ushindi. Afisa aliuliza maswali mengi. Aliuliza pia kama kuna mgonjwa, nikamweleza sukari, presha, na usingizi wangu. Nestor alikuwa pembeni yangu, akinisikiliza kwa umakini ambao sikuwahi kuuona kwake.

Ijumaa ya juma lile lile akaniletea soda. Chupa kubwa ya rangi ya machungwa, na mandazi juu yake. Ijumaa iliyofuata akaleta tena. Nikamwambia Ushindi, tazama, baba yako mdogo amepata roho. Nikawa namwombea kanisani kwa jina. Naye akaacha kulima. Shamba alilopewa likaota majani, na mtu akimuuliza, anajibu kwamba haoni sababu ya kupanda mihogo ambayo wengine watakuja kuichimba, sisi tuko njiani. Mwaka ukapita, tuko njiani. Mwingine ukapita, tuko njiani bado.

Nesi wa kituo cha afya ndiye aliyenituma Mbarara. Alisema kuna daktari pale mjini anayepasua watu wenye mwili kama wangu, na kwamba kuna wafadhili wanaowasaidia wachache wenye shida kubwa. Nilipofika, nikakaa kwenye benchi karibu na mama mmoja mwenye duka la vitambaa mjini, anaitwa Madinah, bangili mkono mzima. Alinitazama kwa jicho pembe tangu viatu mpaka kitambaa cha kichwa. Akasema hii operesheni si ya watu ya kambi, ni ya watu ya pesa, na kama mimi natafuta posho, posho wanatoa Nakivale. Nikamwambia anyamaze, maana benchi tumekalia wote wawili na ni mimi ninayeweza kuliinua upande wake.

Aliingia yeye kwanza, akatoka amenuna. Mwenyewe ndiye aliyemwambia dada yake kwenye simu, bila kujali nani anasikia: alitaka kiuno kabla ya nikaha ya binti yake, na daktari amekataa. Ameambiwa uzito wake haujafika huko, hana sukari wala presha, na tumbo la mtu halikatwi kwa ajili ya gauni. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Daktari mwenyewe alikuwa mwanamke, Dokta Latifah, mtu asiyecheka ovyo. Mimi nilidhani wanakata mafuta, kama mwenye bucha anavyoondoa mafuta kwenye paja la ng'ombe. Nikamwambia aanzie kwenye mapaja. Akasema mafuta hayaguswi. Kinachokatwa ni mfuko wa chakula. Sehemu kubwa inatolewa, inabaki nyembamba kama ndizi, na mtu anashiba kwa chakula kidogo, na hata ile njaa yenyewe inapungua. Kwa watu wengi sukari inashuka, na pumzi za usiku zinarudi. Akasema pia kwamba haiwafai wote. Inamfaa mtu ambaye uzito wake umezidi sana kwa urefu wake, hasa akiwa na magonjwa kama yangu, na amejaribu kula vizuri na kutembea ikashindikana, na ameelewa kwamba baada ya hapo atakula kidogo kidogo, atameza vitamini na kurudi kupimwa mpaka mwisho wa maisha yake. Hakunificha hatari. Mshono unaweza kuvuja, damu inaweza kuganda, mtu anaweza hata kufa, japo ni wachache. Akasema kubaki nilivyo nako kuna hatari yake, na kwa jinsi pumzi yangu inavyokatika, yeye asingenishauri kungoja.

Halafu akaniuliza ninachokula na ninachokunywa. Nikasema soda. Akaniuliza mara ngapi, nikamwambia chupa ya Ijumaa naigawa mpaka inafika Jumatano.

"Nani anakununulia hiyo soda?"

Nikajibu kwa majivuno kwamba ni shemeji yangu, mtu mwema. Akauliza anajua kwamba nina sukari? Nikasema anajua sana, alikuwepo siku nilipomweleza afisa. Akauliza ameanza lini kuninunulia. Nikafungua mdomo kumwambia ni Ijumaa ile baada ya kuhojiwa, na mdomo ukabaki wazi. Dokta Latifah aliandika, akaniwekea glasi ya maji mbele yangu, na mimi nikalia pale kwenye kiti chake kwa hasira.

Sikumwambia Nestor neno. Ijumaa akaleta soda, nikashukuru, nikaisukuma chini ya kitanda. Iliyofuata, vivyo hivyo. Dokta alikuwa amesema lazima nijitayarishe kabla ya kupasuliwa, sukari ishuke, uzito upungue hata kidogo, nione kama nitaweza maisha hayo mapya. Ushindi akanipimia fufu, ule ugali wetu, ya ngumi moja, na sombe nyingi, majani ya mihogo. Tukawa tunatembea mpaka kwenye bomba la maji, nikipumzika kila penye jiwe, watoto wakinicheka na mimi nikiwatukania mama zao. Kitenge kikaanza kulegea. Wanawake wa kwaya wakanong'ona kwamba Mama Ushindi ameshikwa na ule ugonjwa, maana kwetu mtu hapungui bure. Nikawaacha wanong'one.

Nestor alipokiona kile kitenge kimelegea, aliinama kunisalimia akazifumania chupa chini ya kitanda, zimepangana, hazijafunguliwa. Alibadilika rangi. Tangu siku hiyo akaacha kuleta, akaanza kuita wazee wa ukoo.

Aliposikia tarehe yangu ya kulazwa imetoka, akapata silaha. Hospitali ya huku haikulazi peke yako. Lazima uje na mlinzi wa mgonjwa, sisi tunamwita gademalade, wa kukupikia, kukufulia, kukugeuza kitandani. Mlinzi wangu alikuwa Ushindi, nani mwingine. Nestor akamweka chini, akamwambia hakuna mtu wa ukoo atakayenisindikiza. Akamwambia wanaopelekwa ng'ambo kwanza ni wagonjwa na jamaa zao, mama yako akipona, kesi yetu imekufa, na wewe na Kiingereza chako chote utaolewa hapa hapa Rubondo uzeeke hapa hapa. Hakuna afisa aliyewahi kutuambia hivyo. Yalikuwa maneno ya Nestor, ameyapika mwenyewe akayala mwenyewe. Lakini Ushindi aliyasikia. Amesoma Kiingereza jioni zote hizi kwa ajili ya safari hiyo. Alirudi nyumbani hakunitazama usoni, na mimi sikumuuliza, kwa sababu niliogopa jibu.

Basi Jumapili hiyo ndiyo Nestor alikuwa mlangoni anatangaza. Asubuhi ya Jumatatu nilitakiwa kuwa wodini. Mwenye pikipiki wa kutufikisha barabarani alikuwa ameshafika, anasikiliza kama wengine. Ushindi alikuwa ndani, na sikujua anafanya nini humo ndani. Nestor akasema nataka kuua watoto wake. Akasema nimekula kwa mkono wake, nimekunywa soda zake, na sasa namlipa hivi.

Pumzi yangu ikawa imerudi. Nikamwambia azungumzie hizo soda vizuri, watu wasikie. Alikuwa anajua nina sukari au hajui? Akasema anajua. Nikamuuliza kwa nini basi aliniletea. Akaanza kusema ni upendo, ni heshima ya kaka yake. Nikamwambia asimguse marehemu, arudishe kwanza baiskeli. Mtu mmoja akacheka. Na hapo Nestor akakasirika kweli, na mtu akikasirika kweli hapangi maneno.

"Ukipona, sisi tutaenda fasi gani?"

Kila mtu alimsikia. Eliane, mke wake, aliyekuwa amesimama nyuma yake na kitabu cha nyimbo, akatazama chini. Nilitaka kumpiga, na laiti magoti yangeniruhusu ningempiga.

"Shambani, shemeji," nikamwambia. "Majani yamekufika kiunoni."

Akanigeuzia mgongo, akaita ndani. Akamwita Ushindi kwa jina lake lote, akamwambia atoke aseme mbele ya watu kama anakwenda na mama yake au anabaki na ukoo. Mimi hapo nikageuka kutazama ndani. Maana bila yule mtoto hakuna wodi, hakuna kisu, kuna gunia la maharage tu na usiku mmoja ambao hatawahi kunisukuma. Nikajua pia kwamba nisingeweza kumlaumu. Ana haki ya kutaka kuondoka hapa.

Ushindi akatoka amekumbatia mkeka, beseni na jiko dogo la makaa. Vitu vya gademalade. Mkononi ameshika mfuko mzito unaogongana gongana, akauweka chini miguuni pa Nestor. Zilikuwa soda zake, zote.

"Baba mdogo," akasema, "wewe usiku husikiagi pumzi ya mama ikikatika. Mimi nasikiaga."

Akamkabidhi mwenye pikipiki lile jiko alifunge nyuma, akarudi kunishika mkono. Kunipandisha kulichukua muda, na alisaidia mtu ambaye sikumtegemea, Eliane, bila kumtazama mume wake. Tulipofika kwenye kona niligeuka mara moja. Nestor alikuwa ameinama mbele ya mlango wangu, watu wamemzunguka, anaokota chupa moja moja kwa sababu mfuko ulikuwa umepasuka.