Maneno Yangu Yalivyoufuata Mdundiko

Jirani yangu Bi Zamoyoni anadai mume wake wa kwanza hakufa wala hakumwacha. Anadai mdundiko ulipita mbele ya nyumba yao, ngoma ile inayochezwa huku inatembea mtaa kwa mtaa, na mwanaume akatoka na kikombe cha chai mkononi aangalie kidogo tu. Mpaka leo hajarudi. Kinachomuuma zaidi, kwa maelezo yake mwenyewe, ni kikombe, maana kilikuwa cha seti.

Sisi watu wa Mbagala tunalijua hilo. Mdundiko ukipita, mwenye akili anashika mlango. Ukisema unausindikiza mpaka pale kona, utajikuta Kongowe, huna viatu, na hujui umeolewa na nani.

Habari hiyo nilikuwa naicheka, mpaka usiku wa kuamkia leo nilipoota.

Niliota niko uani nafua, jua limeshapanda, na maneno yangu ya Kiingereza yamekaa mkekani yanasubiri chai. Alinipa Madamu Eufrasia, mwenye chekechea ya kule barabara ya lami. Kesho yake asubuhi nisimame mbele ya watoto, nitamke neno, nilicheze. Nikiweza, kazi ya msaidizi wa darasa ni yangu. Nikishindwa, naendelea kufulia watu. Mimi nimeishia darasa la saba, kwa hiyo maneno hayo nilikuwa nayalea kama mayai.

Hop ndiye neno la kuruka kwa mguu mmoja, na mguu alikuwa nao mmoja. Wa pili, alisema, hana matumizi nao. Twirl, neno la kuzunguka, sikuwahi kumwona uso. Kila nikimtazama alikuwa ameshageuka. Prance alitembea kama farasi aliyesifiwa, magoti juu, pua juu. Waltz, neno la dansi ya wawili wawili, alikuwa watu wawili, mume na mke, wameshikana na hawaachani hata kumeza mate. Wiggle, neno la kujinyonganyonga, alikuwa mfupi, mnene, na makalio yake yalikuwa na mazungumzo yao pembeni.

"Chai iko wapi?" Prance akauliza.

"Subiri nisuuze hizi."

"Kwetu hatusubiri kusuuza."

"Kwenu ni kwenu, kaka. Hapa anayefua ndiye anayepika."

Hapo nikausikia mdundiko unakuja.

"Asitoke mtu," nikawaambia. "Ukipita huo, hapa kwetu tunashika mlango."

Wakaushika. Waliushika vizuri sana, wakaung'oa, wakatoka nao.

Nakimbia nyuma yao, mikono imejaa povu la sabuni. Najua ninachofanya ndicho kile kile tunachowakataza watoto. Lakini ningemwambia nini Madamu, kwamba maneno yametoka kidogo?

Tunakata kona ya zahanati. Nyuma ya zahanati hakuna soko tena, kuna darasa la Madamu, na darasa liko ndani ya sufuria. Tunapita kwenye ukingo wa sufuria, mmoja mmoja. Askari wa barabarani ananiambia nikae kushoto, kulia ni kwa wali.

Pembeni yangu kuna mwanaume ana kikombe cha maua.

"Wewe si mume wa Bi Zamoyoni?"

"Ndiye. Mwambie naja sasa hivi, naangalia kidogo tu."

"Shemeji, imepita miaka."

"Chai bado ya moto," akasema, akanipa nishike. Ilikuwa ya moto.

Nikamrudishia, nikasonga mbele kutafuta maneno yangu. Nikamkuta Wiggle katikati ya akina mama waliojifunga kanga viunoni, wanamwangalia kama mgonjwa.

"Mtoto huyu kafundishwa na nani?" mmoja akaniuliza. "Anatingishika kama kaingiwa na siafu."

"Ndiyo kucheza kwao, mama."

"Maskini. Mfungeni kanga."

Wakamfunga. Wiggle akatulia, macho yakamtoka, kisha kiuno chake kikafanya jambo ambalo Madamu asingeliruhusu mbele ya watoto wa watu.

"Kidawa," akaniambia kwa Kiswahili kilichonyooka, "mimi sirudi."

Mbele yake, Hop alikuwa ameazimwa mguu wa pili.

Hop mwenye miguu miwili ni neno gani? Nikatazama wengine. Mke wa Waltz anacheza na mpiga ngoma, mume amebebeshwa mkeka. Prance anawatekea watu maji. Twirl amesimama, na uso anao, uso wa kawaida tu, kama wa mtu wa benki. Nikiwaacha hapo, kesho asubuhi nitafungua mdomo mbele ya Madamu na hakitatoka kitu.

Nikaiendea ngoma kubwa yenyewe.

"Shikamoo."

"Marahaba. Sema haraka, napigwa."

"Naomba ugeuze. Umechukua maneno yangu."

"Sijachukua mtu. Nimepita tu."

"Nina usaili kesho."

"Kila anayenifuata ana jambo lake kesho," ikasema ngoma. "Mimi sigeuki, binti. Ngozi ikilegea ndipo wananisimamisha, wananipasha moto. Nikishakaza, naanzia pale pale penye moto."

Nikaisikiliza mpaka mwisho, maana mimi mtu akisema namsikiliza mpaka mwisho. Halafu nikaiwekea mikono yangu miwili, na povu lake na maji yake, katikati ya ngozi.

Ikalia bu. Ikalia tena, chini zaidi, kama mtu aliyekalia godoro. Watu wote wakasimama, miguu hewani.

"Umenilegeza," ngoma ikasema.

"Samahani."

"Moto uko wapi?" wakauliza wapigaji.

"Kwetu," nikajibu, na papo hapo tuko uani kwetu.

Wakataka kitu kikavu cha kuwaka haraka. Nikaangalia huku na huku. Kuni zilikuwa mbichi. Makavu yalikuwa makuti tu, yale yaliyozungushiwa choo tunachochangia na majirani.

"Chukueni hayo," nikasema.

Wakayang'oa, wakayawasha, wakaigeuzia ngoma kwenye moto. Na kwa kuwa hapakuwa na mlio, maneno yakaanza kujikumbuka. Hop akaurudisha mguu kwa mwenyewe, akashukuru. Mume wa Waltz akatupa mkeka, akamshika mkewe, mke akamuuliza alikuwa wapi. Prance akatua ndoo, akasema kumbe nzito. Twirl akanipa kisogo.

Nikafungua mdomo, wakaingia. Wiggle alibaki mlangoni.

"Na kanga yangu?"

"Ingia nayo."

Akaingia nayo. Ngoma ikakaza, ikalia, mdundiko ukaondoka, na mimi nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Nikalala vile vile, nikawaita kwa sauti ndogo. Hop. Twirl. Prance. Waltz. Wote wapo. Wiggle alichelewa kidogo, alipokuja akaja na kiuno changu, nikaona huyu nitamtamka nimekaa.

Nikavaa sketi nzuri, nikatoka nipige mswaki.

Choo chetu hakikuwa na hata kuti moja. Palikuwa na fito zimesimama wima, na majivu chini, bado yanafuka. Katikati ya fito alikuwa Bi Zamoyoni, amechuchumaa, kopo la maji mbele yake, anatazamana na njia nzima ya watu wanaokwenda kazini.

"Shikamoo, Bi Zamoyoni," akasema kinyozi akipita.

"Marahaba, baba. Wewe pita tu."

Nikaangalia jua. Madamu alisema saa mbili, na alisema hapendi mtu wa kuchelewa. Hop alikuwa ananigonga kwenye meno.

"Kidawa, mwanangu," Bi Zamoyoni akaita, kwa upole kama mtu anayeomba chumvi, "njoo usimame hapa mbele yangu unikinge. Kidogo tu."