Mashine ya Kusaga ya Wamae

Mwanangu Wamae, mfagizi hospitalini Uingereza, alimnunulia mdogo wake Gatimu mashine ya kusaga mahindi hapa Gakindu, apate riziki. Ukoo mzima ukaja kusaga bure.

"Ati nilipe, Gatimu? Si mashine ni ya mtoto wetu?" shangazi yake Murugi alimcheka.

Gatimu aliona aibu kumkatalia mtu wa damu. Ni Watiri tu, mjane jirani, aliyemletea mayai kila aliposagiwa.

Dizeli ilipokwisha, Gatimu hakuwa na pesa za kununua nyingine. Akaenda Nanyuki kuvunja mawe.

Jana Murugi alikuta mlango wa mashine umefungwa, akaja kwangu.

"Wifi, mwambie Wamae atume dizeli."

Nilimtolea kinu, tukatwanga mahindi yake pamoja.