Ruthu wa Igalula

Mektilda alimpeleka mkwewe darasani kwa hila. Mwanawe alifariki mwaka juzi, na mkewe Flavia, mjane asiye na mtoto, siku zile hakuisha kuitaja Lusu, kwao huko Nzega. Mektilda hakuwa na mtu mwingine nyumbani. Bahati ikawa kwamba mwalimu mstaafu Zablon alikuwa akisomesha vitabu vifupi vya Wayahudi pale Igalula, na juma lile zamu ilikuwa ya Ruthu, mkwe aliyekataa kumwacha mama mkwe. Mektilda akaona dawa imepatikana.

Kumbe Zablon hakuwa na habari na mahubiri. “Hapa tunatazama hadithi ilivyosukwa, na watu wake walivyoishi,” alisema. Akaeleza kuwa Wayahudi huisoma kwenye sikukuu ya mavuno, na kwamba sheria yao iliwaachia maskini masazo ya shambani. Akauliza nani hapa huwaachia wajane mpunga uliodondoka. 

Kisha akagawa sauti za kusoma. Flavia akawa Ruthu, Mektilda akawa Naomi, mama mkwe. Hapo ndipo Mektilda alipojikuta akiwaambia wakwe wawili wa Naomi warudi makwao, tena na tena.

“Mwalimu, mbona huyu mama anawafukuza?” akauliza.

“Hawafukuzi, mama. Anawapa ruhusa. Angewashikilia, tungejuaje kama Ruthu anampenda?”

Mektilda alirudi nyumbani na mpango kamili kichwani. Kama hadithi inakwenda hivyo, basi kilichobaki ni yeye kutoa ruhusa, na Flavia angemjibu kama Ruthu. Alimkuta jikoni akipeta mchele.

“Mwanangu, wewe bado kijana. Rudi kwenu.”

Flavia aliweka ungo chini. Akapiga magoti, akamshika miguu, machozi yakamtiririka. Moyo wa Mektilda ukaruka kwa furaha.

“Asante, mama,” Flavia alisema. “Nimeshindwa kukuomba tangu tumalize matanga. Niliogopa utaniona sina shukrani.”

Mektilda aliumia kuliko alivyoumia makaburini. Alitaka kusema alikuwa anatania tu. Lakini uso wa binti yule ulikuwa umechangamka, naye hakuwa ameuona hivyo tangu msiba. Akamwambia mchele ule autie kwenye mfuko, ampelekee mama yake.