Mzimu Aje na Kitambulisho

Asubuhi moja Bibi Praphai alikuta kijumba cha mzimu mlinzi wa kiwanja chake kimebandikwa karatasi ya manispaa: jengo bila kibali, faini, na libomolewe. Jengo lenyewe limesimama juu ya nguzo moja, na paka akilala ndani mkia unabaki nje.

Akaenda ofisini kwa Wichian, mkaguzi wa majengo.

“Mwanangu, sheria inanipa haki ya kukata rufaa.”

“Haki unayo, shangazi. Ila fomu inasainiwa na mkaaji wa jengo.”

“Mkaaji si ni mzimu!”

“Basi aje na kitambulisho.”

Ofisi nzima ikaangua kicheko.

“Na rufaa anaisikiliza nani?”

“Mimi.”

Siku ya kubomoa, Wichian alifika na nyundo. Kabla ya lolote aliunganisha viganja, akakiinamia kijumba kwa adabu, kama alivyofunzwa na mama yake. Praphai akapata matumaini.

“Umemwamkia! Kumbe unajua yumo.”

“Ndiyo maana mimi sikigusi, shangazi.” Akamkabidhi nyundo. “Bomoa wewe, nyie mmezoeana. Ukikataa, faini inapanda kila siku.”

Akarudi kumsubiri barabarani, mbali kidogo, isije ikawa mzimu anajua nani katumwa na nani.

Praphai akafungua chupa ya soda nyekundu, akatia mrija, akaiweka kwenye kibaraza cha kijumba kama kila asubuhi.

“Kunywa kwanza, babu,” akasema. “Nimekutetea, nimeshindwa.”

Kisha akainua nyundo.